Jinsi ya kuandaa kipindi cha mjadala redioni huku kwetu Kusini, kuanzia mtaani mpaka mrejesho

Habari zenu ndugu zangu. Kuna vijana wengi wameanza kujitolea kwenye redio za jamii huku Mtwara na Lindi na karibu wote wananiuliza kitu kilekile, kipindi cha mjadala kinaandaliwaje, maana kusoma taarifa ya habari wanafundishwa, kupiga muziki wanafundishwa, ila kukaa na watu watatu studio mkaongelea maji ya Newala au hela za korosho saa nzima na msikilizaji asihamishe stesheni, hilo hakuna anayekaa nao chini akawaeleza. Mi nimeendesha vipindi vya namna hii miaka kadhaa kwa hiyo naandika ninavyofanya mwenyewe, na pale nilipoharibu nitapataja ili na nyie msipite njia ileile.

Kitu kimoja nakisema mapema maana ndo kinabeba yote yanayofuata: kipindi cha mjadala kinaanzia kwa mtu mwenye swali lake, na hakijaisha mpaka huyo mtu amerudishiwa jibu. Studio ni katikati tu hapo.

Hatua ya 1. Tafuta swali

Mtangazaji akifungua kipindi akasema leo tunazungumzia changamoto za zao la korosho, mi nikiwa nyumbani najua hapo nitasikia hotuba. Mada pana mgeni anaipenda sana kwa sababu anaweza kuongea dakika kumi na hajagusa kitu. Swali linambana. Na swali hulipati ukiwa umekaa ofisini unaperuzi simu, unalipata kwenye foleni ya kivuko cha Msangamkuu, kwa mama anayeuza vitumbua stendi, kijiweni kwa bodaboda, gulioni, hata msibani (msibani usiulize, sikiliza tu). Beba kidaftari. Mtu akilalamika andika maneno yake kama alivyoyasema, usiyanyooshe yakawa ya kiofisi.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, huwa naenda kukaa kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika asubuhi watu wakiwa wanapima. Nakaa tu pembeni ya mizani. Siku moja mzee mmoja alitoa stakabadhi yake mfuko wa shati, ameikunja mara nne, kwenye mikunjo imeshaanza kuachia na wino umefifia kwa jasho, akaifungua taratibu juu ya goti akanionyesha akasema mwanangu, hii karatasi inanambia kilo, hainambii lini. Siku hiyo nilirudi na sentensi hiyo peke yake na ilinitosha. Swali la kipindi likawa hivi: ukishapima korosho zako leo, hela inapita wapi na wapi mpaka iingie kwenye akaunti yako, na kila inapopita inakaa siku ngapi? Mgeni akikutana na swali kama hilo hana pa kukimbilia.

Kabla hujalikubali swali lako lijaribu kwa mtu wa nyumbani, mama yako au shemeji yako, ukiona kaanza kujibu hapohapo au kaanza kukasirika basi linafaa. Akisema mmh, sawa, tafuta lingine.

Hatua ya 2. Lijue jambo kabla mgeni hajafika

Hapa ndo wengi mnakimbilia kuruka. Ukiingia studio hujui jambo lenyewe, mgeni akisema chochote utaitikia tu, na msikilizaji anayelijua anakusikia kabisa kwamba unaitikia tu.

Kwa mfano huohuo wa korosho. Mfumo wa stakabadhi ghalani kwenye korosho ulianza 2007. Mzigo unatoka chama cha msingi unaenda ghala kuu, chama kikuu kinaupeleka mnadani, huku kwetu utasikia MAMCU upande wa Masasi na Mtwara, TANECU upande wa Tandahimba na Newala, Lindi Mwambao, na RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, mnunuzi akishinda analipa, hela inashuka benki, makato yanatoka, kinachobaki ndo kinaingia kwa mkulima. Chukua karatasi uichore hiyo njia kwa mishale. Kila mshale ni swali na kila mshale una mtu wake wa kujibu, hivyo ukishachora umeshapata na maswali na wageni kwa mpigo mmoja.

Ujue na historia yake kidogo maana wapigaji simu watakurudisha huko. Atapiga mtu wa Kitangari aseme mwaka ule wa elfu tatu mia tatu, we kama hujui anaongelea nini umeachwa. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kazini kuzisomba, na mpaka leo ukigusa malipo ya korosho mtu mzima lazima ataanzia hapo. Mwache aanzie hapo, ila ujue kumrudisha kwenye msimu wa sasa.

Kuhusu nyaraka, usiogope kuomba. Kuna sheria ya kupata taarifa ya 2016, raia anaomba taarifa kwa maandishi na ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, taja unachotaka kwa majina yake, bajeti ya mradi gani, wa kijiji gani, mwaka gani, peleka masijala, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ile nakala yenye muhuri ina kazi kubwa siku ya kipindi hata kama hujajibiwa, maana unaweza kusema hewani kwa heshima kabisa kwamba tuliandika tarehe fulani na tunasubiri.

Hatua ya 3. Wageni watatu, na wa kwanza ni mwenye jambo

Vipindi vingi vya huku kwetu wageni ni afisa na afisa mwenzake. Wanaelewana vizuri, wanaitana mheshimiwa, muda unaisha. Mi nataka watu wa aina tatu: aliyepatwa na jambo, mwenye wajibu wa kulijibu, na anayelijua kwa undani. Kwenye maji ya Newala ni mama anayenunua maji kwa dumu, mtu wa mamlaka ya maji, na fundi au mwalimu anayeweza kueleza kwanini huko juu kwenye nyanda za Makonde maji ni ya shida toka enzi za mababu na watu wanavuna ya mvua. Kwenye salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ni mkulima, afisa ugani, na mtafiti, tuna bahati kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kipo hapahapa Mtwara na ndo wanaoijua korosho na ufuta.

Kumwita afisa fuata taratibu zao, barua au simu kwa mkuu wake, mwambie jambo na maeneo utakayouliza, ila maswali yenyewe neno kwa neno usimpe maana atakuja na karatasi atasoma. Akikataa, muombe atume mtu. Akikataa kabisa, sema hewani kwamba tulimualika na hakuweza kufika, mara moja tu, bila kunung'unika, endelea.

Kumwita mama wa kijijini ndo kazi zaidi. Yeye kuja studio ni kumuacha mtoto kwa mtu, ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, ni kumuaga mzee wa nyumbani, ni kuvaa nguo ambayo aliiweka kwa ajili ya sherehe. Nauli mpe kabla hajatoka nyumbani, usimwambie atarudishiwa. Na wengine wakifika studio wakaona kile chumba cha magodoro ukutani na maiki imewaelekea mdomoni wananyamaza kimya. Nilishamleta bibi mmoja toka Kitunda, ng'ambo ya Lindi mjini, kwake alikuwa anaongea mpaka majirani wanasogea, studio akajibu ndiyo, hapana, namshukuru Mungu. Dakika arobaini. Nilimuonea huruma kwa kweli. Wiki iliyofuata nikapanda kivuko nikamfuata barazani kwake, nikamkuta kakaa kwenye mkeka anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda, nikaiweka rekoda kwenye ungo katikati ya korosho nikamuuliza kitu kimoja tu, akaongea dakika kumi na mbili hakusimama. Ule mlio wa maganda yanavyopasuka tuliuacha uendelee chini ya sauti yake. Toka siku hiyo sheria yangu ni kwamba mtu akiongea vizuri kwake basi tunarekodi kwake, studio tunaleta sauti.

Na lugha. Redio zetu zinarusha kwa Kiswahili, ila mtu mzima wa Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua akikasirika au akifurahi sana anahama. Usimkatize. Mwache amalize sentensi halafu mrudie kwa Kiswahili, mama anasema hivi, je nimekuelewa? Akisema hapana, umepata sentensi nzuri zaidi ya ile ya kwanza.

Hatua ya 4. Saa ya kipindi

Hii fupi ila inauma. Kama jambo lako ni la kinamama wa pwani, Msimbati, Mchinga, Kilwa Kivinje, angalia mwezi kabla ya kuangalia ratiba ya stesheni. Siku za bamvua maji yanakupwa sana saa nne, saa tano asubuhi na kinamama wote wako miambani wanachokoa pweza, kipindi chako cha saa nne kitasikilizwa na kuta. Subiri maji mafu au weka jioni. Msimu wa kuokota korosho watu wanaamka usiku usiku, wanarudi jua kali, wanalala mapema. Ramadhani usiweke kitu kizito muda wa futari. Baada ya isha, saa mbili saa tatu usiku, hapo huku kwetu redio inasikilizwa na nyumba nzima.

Hatua ya 5. Sauti za mtaani

Kila mjadala uanze na sauti tatu au nne za watu wa kawaida, jumla dakika tatu. Simu yako inatosha. Iweke kwenye mfumo wa ndege kwanza, maana meseji ikiingia utapata ule mlio wa zzt zzt na hautoki tena. Shika simu shibiri moja toka mdomoni mwa anayeongea, pembeni kidogo, isiwe mbele kabisa ya mdomo, ili herufi p na b zisipige. Upepo wa bahari wa Mikindani ni adui, funika maiki na soksi safi nyepesi, mgeuze mtu ampe upepo mgongo. Chini ya bati mvua ikianza, simamisha, subiri. Kabla hujaondoka rekodi sekunde thelathini za mahali penyewe pakiwa hapana anayeongea, mashine ya kusaga kwa mbali, kuku, adhana, itakusaidia kuunganisha.

Muulize kila mtu swali lilelile. Muombe ruhusa, mwambie ni redio gani na itarushwa lini. Wanawake wawe nusu, na hii usisubiri itokee yenyewe maana ukisimama kijiweni utarudi na sauti za wanaume watupu.

Hatua ya 6. Karatasi moja

Saa moja ya kipindi ukitoa matangazo, jingo, salamu za ufunguzi na dakika tano za daftari la ahadi (nitalieleza Hatua ya 11) unabaki na kama dakika 45. Mi nagawa hivi: sauti za mtaani dakika 3, mwenye jambo aongee yeye kwanza dakika 7, halafu mwenye wajibu ajibu dakika 8, mtaalamu 5, wabishane 7, simu na meseji 12, ahadi za mwisho 3. Ahadi za mwisho nitazieleza chini. Kwenye karatasi andika majina ya wageni kwa herufi kubwa na jinsi wanavyopenda kuitwa, Mzee fulani, Bi fulani, Mwalimu, kwa sababu ukikosea jina la mtu mzima hewani Kusini hii utasikia habari zake mpaka Tunduru. Maswali yasizidi saba. Pembeni ya kila swali andika dakika.

Hatua ya 7. Mkiwa hewani

Kabla ya taa nyekundu kuwaka wape maji, wape shikamoo zao, waonyeshe wapi pa kutoka kama kikohozi kimewabana. Simu zote zizimwe, na feni pia kama inapiga kelele. Wakalishe mwenye jambo na mwenye wajibu wanatazamana, mtu akimuona mwenzake macho anapunguza maneno ya karatasini.

Afisa akisema tutalifanyia kazi, we uliza lini. Akisema hivi karibuni, uliza mwezi huu au mwezi ujao. Uliza kwa upole kabisa, mkuu naomba nikurudishe kidogo hapo, Bi mkubwa hapa angependa kujua tarehe. Upole ndo unakupa nafasi ya kuuliza mara ya tatu bila mtu kuona umemvunjia heshima. Akitaja vifupisho, AMCOS, RUWASA, BMU, fafanua hapohapo kwa maneno matatu, chama cha msingi, wakala wa maji vijijini, kikundi cha kulinda fukwe na uvuvi.

Na kimya kisikutishe. Mtu akiulizwa kitu kizito akanyamaza sekunde nne usimrukie, nyie mnaorukia ndo mnaokosa jibu.

Hatua ya 8. Simu na meseji

Hapa nakaa zaidi kwa sababu hapa niliumiza watu.

Tulikuwa na kipindi cha malipo ya msimu, simu zinaingia mfululizo, nimefurahi kipindi kimechangamka, anapiga mtu anataja kijiji, anataja chama cha msingi, anamtaja katibu wake kwa jina la kwanza na la baba akasema huyu ndo mwizi wetu. Mi badala ya kumkata nikamuuliza una uhakika? Swali la kijinga lile, maana lilimpa nafasi arudie. Akarudia. Ikaenda hewani laivu mkoa mzima. Kesho yake nikapata habari kwamba mtoto wa yule katibu aliimbiwa mwizi shuleni. Baadaye ikaonekana hela zilikuwa zimekwama benki kwa sababu majina ya akaunti hayakulingana na ya kwenye orodha, na yule bwana hakuwa amekula hata senti. Nilienda kumuomba radhi nyumbani kwake na tulimpa nafasi hewani saa ileile ya kipindi kilekile, lakini mtoto ameshaimbiwa.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Mtu wa kupokea simu asiwe yule anayeendesha kipindi, anapokea kwanza, anamuuliza jina, uko wapi, unataka kusema nini kwa kifupi, anamwambia usitaje jina la mtu sema cheo au sema chama, ndo anamuunganisha. Mpigaji akianza kutaja, fundi mitambo ashushe sauti yake mara moja na mwendeshaji aseme msikilizaji wetu ana malalamiko, tutachukua maelezo yake nje ya hewa tuyafuatilie. Na mkachukue kweli. Stesheni ina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kosa la maudhui linaigharimu stesheni nzima, na aliyechafuliwa jina ana haki ya kwenda mahakamani, ila mi sababu yangu kubwa ni yule mtoto.

Simu moja dakika moja na nusu. Mtu akisalimia ukoo mzima mkumbushe kwa heshima. Usipokee simu nne mfululizo toka Mtwara mjini wakati Nanyumbu na Liwale wanabipu, weka zamu, sasa tunataka simu ya Mangaka, sasa tunataka wa Nachingwea. Kwa wasio na salio, bipu zao ziandike namba, baada ya kipindi wapigie wawili watatu urekodi maoni yao kwa kipindi kijacho. Meseji zisome kama zilivyo, ukiondoa matusi na majina. Nimeona watangazaji wanasoma za kusifia kipindi tu, hizo hazina kazi kwa msikilizaji.

Hatua ya 9. Mambo yanayotaka tahadhari ya ziada

Mtoto aliyefanyiwa ukatili usimtaje jina, wala shule, wala mtaa, wala jina la mzazi, maana vijiji vyetu ukitaja viwili kati ya hivyo wote wameshamjua. Taja namba 116 ya kutoa taarifa za watoto, itaje taratibu mara mbili. Jando na unyago ukitaka kuvijadili, na vinatakiwa vijadiliwe hasa suala la watoto kukosa masomo, waite somo na ngariba wenyewe, na uwaulize mapema nje ya hewa kipi hakisemwi hadharani. Wakikuona umekuja kuwasikiliza wao ndo watakuambia ni mwezi gani shule zimefungwa na shughuli zinaweza kufanyika mtoto asikose darasa.

Hali ya hewa. Kimbunga Kenneth Aprili 2019 watu wa pwani Mtwara walitakiwa kuhamia sehemu za juu, na Hidaya Mei 2024 mvua ilikata barabara ya Lindi kwenda Dar na watu wakakwama. Siku kama hizo acha mjadala, soma taarifa ya TMA, mamlaka ya hali ya hewa, yenyewe na muda iliyotolewa, rudia kila nusu saa. Sauti ya WhatsApp inayosema maji yameshaingia mahali fulani usiirushe mpaka umempigia mtendaji wa kata hiyo akakwambia anachokiona.

Na kuna yale ya rasilimali zetu. Wenye umri wangu tunakumbuka Januari na Mei 2013, vurugu za bomba la gesi, mji wa Mtwara ulivyokuwa. Kuna watu walipoteza maisha. Mi naamini kabisa kwamba watu walikuwa na maswali ya kawaida, sisi wa Mnazi Bay gesi inakotoka tunabaki na nini, ajira ziko wapi, na hawakuona pa kuyauliza wakajibiwa uso kwa uso kwa lugha yao. Ndo maana jambo likianza kuchemka mtaani, iwe gesi, ardhi, au tembo wanaokula mashamba huko Liwale, kipindi kiandaliwe mapema lingali swali tu.

Hatua ya 10. Vikundi vya kusikiliza

Wazee wenu wanalijua hili. 1973 Radio Tanzania ilirusha Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kama elfu 75, wana kijitabu, wana kiongozi, wanasikiliza, wanajadili, halafu wanaenda kuchimba choo. Redio moja chini ya mwembe. Sisi leo kila mtu ana simu yenye redio na kila mtu anasikiliza peke yake na hedifoni.

Tafuta kikundi ambacho tayari kipo, vikoba, kikundi cha kinamama wa chumvi, vijana wa BMU, usianzishe kipya. Waachie redio moja ya sola, daftari, na mtu mmoja anayejua kuandika. Siku ya kipindi wasikilize pamoja, wajadili dakika kumi, wakubaliane swali moja, wapige simu moja kwa niaba ya wote. Hiyo simu mwendeshaji aipe kipaumbele kuliko ya mtu mmoja. Muulize mwendeshaji wenu kikundi kikisema hapa tuko ishirini na tatu Nyangao, afisa aliyeko studio anavyokaa sawa kwenye kiti.

Hatua ya 11. Ahadi na mrejesho

Zile dakika 3 za mwisho. Usizitumie kushukuru wadhamini, hao wana tangazo lao. Muulize mwenye wajibu, umesema utafanya nini, lini, na nani atamjulisha msikilizaji? Rudia jibu lake kwa sauti, tarehe ikiwemo. Mwambie na msikilizaji cha kufanya kwa upande wake, mfano mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu na hapo mapato na matumizi yanasomwa, kwa hiyo hilo swali la mradi wa maji aende akaliulize huko na atuambie alijibiwaje.

Halafu daftari la ahadi. La kwangu ni kaunta buku, lina safu nne: nani aliahidi, aliahidi nini, lini, imekuwaje. Kila Jumatatu asubuhi nalifungua kabla ya kitu kingine chochote, ahadi ambayo tarehe yake imefika napiga simu. Imetimia, tunasema hewani na tunamshukuru. Haijatimia, tunasema hewani na tunauliza tarehe mpya. Dakika tano za mwanzo za kila kipindi ni za daftari hilo, na ndo sehemu ambayo watu wanasimamisha pikipiki kusikiliza. Afisa wa halmashauri moja aliwahi kunipigia yeye mwenyewe Jumapili usiku kunambia kisima kimepona, msome kesho.

Yule mzee wa stakabadhi nilimtafuta baada ya kipindi nikamchorea njia ya hela kwenye karatasi, na mishale yake, nikamuandikia na siku ambazo chama kikuu walisema hewani kila hatua inachukua. Aliikunja mara nne akaiweka mfuko uleule.

La mwisho, rekodi. Kila kipindi kihifadhi sehemu mbili, kompyuta ya stesheni na flashi ya kwako, jina la faili liwe mwaka, mwezi, siku, wilaya, halafu swali kwa maneno matatu, mfano 2025-11-04 Tandahimba hela inakaa wapi. Ukiandika kipindi kipya final 2, mwakani mtu akibisha kwamba hakuahidi hutaipata.